Kabla Hujatoa Damu: Namna ya Kuzungumza na Daktari Kuhusu Kipimo cha Saratani ya Kurithi

"Dokta, nataka kupima kama nina jeni ya saratani." Wengi wetu huanza hivyo. Daktari mwenye foleni ndefu atajibu ndiyo au hapana, na mazungumzo yanaishia hapo. Shida ni kwamba swali lenyewe limekaa upande. Jeni zinazoitwa za saratani kila mtu anazo. BRCA1, inayotajwa sana kwenye saratani ya titi na ya ovari, ninayo mimi, unayo wewe, anayo na huyo daktari. Kazi yake ni kusaidia seli kuikarabati DNA inapokatika. Kinachorithiwa ni hitilafu katika nakala moja ya jeni, na jeni zinazoweza kuwa na hitilafu za namna hiyo ni nyingi, kila moja na saratani zake.

Swali lenye faida ni hili: "Ukiutazama ukoo wangu, unaona dalili za saratani ya kurithi? Kama zipo, apimwe nani, apimwe nini, na majibu yatabadilisha nini?" Ukitaka daktari alijibu vizuri, sehemu kubwa ya kazi utaifanya wewe kabla hujaingia chumbani kwake.

Hatua ya 1: Angalia kama ukoo wako una sababu

Kati ya watu 100 wenye saratani, 5 hadi 10 tu ndio ugonjwa wao umetokana na hitilafu ya jeni waliyozaliwa nayo. Kwa waliobaki chanzo ni umri, tumbaku, pombe, virusi, au bahati mbaya ya seli kukosea zinapojigawa. Babu aliyevuta sigara miaka 40 akapata saratani ya mapafu, na bibi aliyepata saratani ya mlango wa kizazi, ambayo karibu mara zote huletwa na kirusi cha HPV, hawaufanyi ukoo kuwa wa saratani, hata kama misiba yao ilifuatana na watu wakaanza kunong'ona.

Mambo yanayomfanya daktari aache kuandika na kukutazama ni haya:

- Saratani ya titi, ya utumbo mpana au ya mfuko wa uzazi iliyogundulika kabla ya miaka 50.
- Saratani ya ovari katika umri wowote, au ya kongosho.
- Mwanamume mwenye saratani ya titi, au mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa mwilini.
- Saratani ya titi isiyo na vipokezi vyote vitatu vinavyopimwa, yaani cha estrojeni, cha projesteroni na HER2.
- Mtu mmoja aliyepata saratani mbili tofauti. Si moja iliyosambaa, bali mbili zilizoanza kila moja mahali pake.
- Watu watatu au zaidi wa upande mmoja wa ukoo wenye saratani ileile au zinazokwenda pamoja, kama titi na ovari, au utumbo mpana na mfuko wa uzazi.
- Polipu, yaani vinyama vidogo vinavyoota, 10 au zaidi zilizoonekana kwenye utumbo mpana.
- Mtoto aliyepata saratani ya jicho, retinoblastoma.
- Ndugu ambaye tayari amepimwa akakutwa na hitilafu.

Moja tu kati ya hayo linatosha kwenda kuuliza. La mwisho lina uzito kuliko yote, na wengi hulidharau kwa kuwa ndugu mwenyewe ni mzima.

Kuna ukoo ambao hauonyeshi kitu ingawa kitu kipo. Baba aliyezaliwa na kaka watatu bila dada hata mmoja anaweza kubeba hitilafu ya BRCA1 na pasionekane saratani ya titi upande wake wote. Familia ndogo, ndugu waliofariki vijana kwa ajali, mtu aliyelelewa bila kuwajua wazazi wake: hapo ukimya wa ukoo si ushahidi. Mwambie daktari hivyo waziwazi.

Hatua ya 2: Chora ukoo kwa damu, si kwa heshima

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi. Mchoro mzuri wa ukoo humsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Kiswahili kina ukarimu mkubwa katika majina ya ndugu, na ukarimu huo humtesa daktari. Mara ya kwanza nilipochora ukoo wangu niliandika "mama mkubwa, titi, miaka 44" nikajiona nimemaliza. Nikaulizwa: huyu ni dada wa mama yako, au ni mke wa baba yako mkubwa? Alikuwa mke wa baba mkubwa. Ugonjwa wake ulituumiza sote, lakini kwenye hesabu ya jeni zangu haumo. Kwa upande mwingine, kuna mzee niliyemwita babu tangu utotoni, nikamwacha nje ya mchoro nikidhani ni jirani tu, kumbe ni mdogo wake bibi, baba mmoja mama mmoja.

Kwa hiyo kila jina lifasiri kwa damu. Mzazi, mtoto, na ndugu mliochangia baba na mama mnashiriki naye karibu nusu ya jeni. Babu, bibi, shangazi, mjomba, mama mdogo, baba mdogo, na ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, ni robo. Binamu ni sehemu moja ya nane. Shemeji, wifi, mkwe na baba wa kambo hawamo kabisa. Neno "ndugu" peke yake usiliandike, maana linaweza kuwa yeyote kati ya hao.

Chora vizazi vitatu: wewe na ndugu zako, wazazi na ndugu zao, kisha babu na bibi. Pande zote mbili. Watu wakisikia saratani ya titi hukimbilia upande wa mama, na hilo ni kosa. BRCA1 iko kwenye kromosomu ya 17 na jeni mwenzake, BRCA2, kwenye ya 13. Hizo si kromosomu za jinsia, kwa hiyo baba humrithisha binti yake sawasawa na mama, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu.

Kwa kila mtu andika mambo manne: saratani ilianzia wapi, aligundulika akiwa na umri gani, yu hai au amefariki, na kama aliwahi kupata saratani nyingine. Umri wa kugundulika ndio muhimu. Watu hukumbuka zaidi umri wa kufariki, na mtu aliyefariki na miaka 58 huenda aligundulika na miaka 46. Waandike na wazima. Shangazi watano waliofika miaka 80 bila saratani ni habari kubwa kwa daktari.

Ugumu mwingine ni namna watu wanavyousimulia ugonjwa. "Alikuwa na uvimbe." "Tumbo lilijaa maji." "Alifanyiwa operesheni ya akina mama." "Kansa ya kizazi." Hili la mwisho ndilo linalochanganya kuliko yote, kwa sababu wengine wakisema kizazi wana maana ya mlango wa kizazi, wengine mfuko wa uzazi wenyewe, wengine ovari. Kwa daktari hayo ni magonjwa matatu yenye maana tofauti: la kwanza kwa kawaida halihusiani na kurithi, la pili linaweza kuashiria hali iitwayo sindromu ya Lynch (hitilafu ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi), la tatu peke yake ni sababu ya kupima. Usijaribu kutafsiri. Andika maneno yaleyale uliyoyasikia, halafu tafuta karatasi. Ikiwa aliwahi kukatwa kinyama kikapelekwa kupimwa, ripoti ya patholojia ni dhahabu. Hata kadi ya kliniki iliyochakaa kwenye sanduku la marehemu huweza kutaja jina la ugonjwa.

Namna ya kuwauliza wazee unaijua wewe kuliko mimi. Ila uzoefu wangu ni kwamba swali la jumla huzaa jibu la jumla. Ukisema "Ukoo wetu una kansa?" utaambiwa "Mungu apishilie mbali." Ukisema, "Shikamoo shangazi. Daktari ameniagiza niulize magonjwa ya bibi, ili wajue waniangalie wapi. Yale maumivu yake yalianzia sehemu gani ya mwili?" hapo kumbukumbu zitafunguka. Muulize kila mzee peke yake. Mbele ya kadamnasi kila mtu hulinda siri ya mwenzake.

Hatua ya 3: Sema la kwanza kwanza

Daktari wa kawaida ana dakika chache. Usianze na hofu zako, wala na makala uliyosoma. Anza na ukoo. Jiandae kusema sentensi tatu au nne:

"Dokta, mama yangu aligundulika na saratani ya titi akiwa na miaka 42. Dada yake, wa baba mmoja mama mmoja, alifariki kwa saratani ya ovari. Mimi nina miaka 33, sijawahi kuugua. Nimechora ukoo huu hapa. Naomba tuangalie kama nahitaji kupimwa vinasaba."

Kisha mpe karatasi na unyamaze. Mwache asome.

Anaweza kukuambia, "Wewe ni mzima, huna haja ya kupima." Huenda ana haki. Lakini usitoke na jibu hilo tupu. Muulize: "Ni kitu gani kwenye ukoo huu kinachokufanya useme hivyo?" Na la pili: "Nikirudi baada ya miaka miwili nikakuambia ndugu mwingine ameugua, ni ugonjwa gani utakaobadilisha jibu lako?" Daktari aliyelitafakari jambo atajibu bila taabu. Akisitasita, omba rufaa. Hakuna ubaya, vinasaba ni fani ya watu wachache, na daktari mzuri wa malaria na shinikizo la damu si lazima aijue. Mtu unayemtafuta huitwa mshauri wa vinasaba, au daktari bingwa wa saratani mwenye uzoefu wa kusoma majibu ya jeni.

Nenda na mtu. Si kwa ajili ya kuliwazwa tu. Masikio mawili husahau nusu ya yaliyosemwa.

Hatua ya 4: Uliza apimwe nani kwanza

Swali hili watu hulisahau, nami naliona ndilo lenye thamani kuliko mengine yote mnayouliza siku hiyo.

Anayefaa kupimwa kwanza, akiwepo, ni yule aliyeugua, hasa aliyeugua akiwa na umri mdogo kuliko wengine. Fikiri hivi: mama ameugua, wewe ni mzima. Ukipimwa wewe peke yako ukakutwa huna hitilafu, majibu hayo yana maana gani? Huenda mama anayo na wewe hukuirithi, hapo umepona. Huenda pia saratani ya mama imetokana na jeni ambayo kipimo hakikuitazama, na wewe unayo. Karatasi moja, maana mbili, na huwezi kuzitenganisha. Mama akipimwa kwanza akakutwa na hitilafu fulani, maabara itatafuta kwako ile ile tu, na "huna" itakuwa "huna" kwelikweli.

Kumpima mgonjwa kunaweza kumfaa na yeye mwenyewe. Dawa za saratani za kundi la vizuizi vya PARP (huzuia kimeng'enya kinachosaidia seli kukarabati DNA), kama olaparib iliyoidhinishwa mara ya kwanza mwaka 2014, hufanya kazi vizuri zaidi kwa saratani zenye hitilafu ya BRCA. Kwa hiyo ukimwomba mzazi mgonjwa atoe damu, humwombi akutumikie wewe tu.

Ikiwa mgonjwa amedhoofika, usiahirishe. Muulize daktari kama sampuli inaweza kuchukuliwa sasa na kuhifadhiwa, hata kama mambo mengine bado hayajakamilika. Na kama amekwisha kufariki, uliza kama kinyama chake bado kipo maabara kwenye nta. Wakati mwingine kinaweza kupimwa, ingawa si rahisi kama damu.

Hatua ya 5: Jua unapimwa nini

Sampuli ni damu au mate, na majibu kwa kawaida huchukua wiki kadhaa. Kama umewahi kupandikizwa uboho, sema mapema: damu yako sasa ina DNA ya aliyekupa, na mate pia hayaaminiki, kwa hiyo watahitaji kuchukua seli za ngozi.

Kuna kupima eneo moja tu, pale hitilafu ya ukoo inapojulikana. Kuna kusoma jeni moja au mbili nzima. Kuna na kupima kundi la jeni nyingi kwa pamoja. Kundi kubwa huvutia, ukidhani ukipima jeni 80 umemaliza kila kitu. Lakini kadiri unavyopima jeni nyingi ndivyo unavyojiongezea majibu yasiyoeleweka, na baadhi ya jeni hizo hazina mwongozo thabiti wa kufanya nini hitilafu ikionekana. Muulize daktari: "Kati ya jeni hizi, zipi kweli zinahusu saratani za ukoo wangu?"

Usichanganye kipimo hiki na kipimo cha uvimbe. Mgonjwa anaweza kuambiwa "jeni za kansa yako zimepimwa", na kilichopimwa ni kinyama cha uvimbe, ambacho kina hitilafu nyingi zilizozaliwa na saratani yenyewe na haziwahusu watoto. Uliza: "Hii ni hitilafu niliyozaliwa nayo, au ni ya uvimbe tu?"

Vipimo vya kujinunulia na kutema mate nyumbani ni hadithi nyingine. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kampuni ya 23andMe kutoa majibu ya BRCA moja kwa moja kwa wateja. Kipimo hicho kilitazama hitilafu 3 tu, zinazoonekana zaidi kwa Wayahudi wa asili ya Ashkenazi, wakati hitilafu zinazojulikana za jeni hizo mbili ni zaidi ya 1,000. Mtu asiye wa asili hiyo akiambiwa "hakuna kilichoonekana", hajaambiwa kitu. Na akiambiwa kipo, maabara ya hospitali lazima irudie kipimo kabla ya uamuzi wowote.

Hatua ya 6: Majibu yakija, tutafanya nini?

Uliza hivi kabla sindano haijaingia: "Nikikutwa nayo, tutafanya nini ambacho hatungefanya leo? Na nisipokutwa nayo?" Ikiwa majibu mawili yanafanana, jiulize kwa nini unapima.

Mara nyingi hayafanani. Kwa mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA, miongozo mingi huanzisha picha za MRI za matiti akiwa na miaka 25 hivi, na mamogramu, yaani eksirei ya matiti, kuanzia 30. Kwa ovari hali ni ngumu zaidi: hadi sasa hakuna uchunguzi uliothibitika kupunguza vifo vya saratani hiyo, ndiyo maana hushauriwa kutoa ovari na mirija akishamaliza kuzaa, kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na 40 hadi 45 kwa BRCA2. Wengine huchagua kutoa na matiti, kama alivyofanya mwigizaji Angelina Jolie, aliyetangaza mwaka 2013 kuwa ana hitilafu ya BRCA1. Huo ni uchaguzi, si amri. Kuchunguzwa kila mwaka nako ni njia inayokubalika. Wanaume nao wana la kufanya, hasa kufuatilia tezi dume wenye BRCA2. Kwa sindromu ya Lynch, kolonoskopi (kutazama utumbo mpana kwa kamera) kila mwaka au miwili huanza mapema, mara nyingi kati ya miaka 20 na 25, na polipu hutolewa kabla hazijageuka. Ukiniuliza mimi, Lynch ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kupima: uchunguzi wenyewe ndio kinga.

Omba hatari uambiwe kwa idadi ya watu na kwa umri. "Hatari yako ni mara tano" haisaidii. Mara tano ya ngapi? Katika utafiti mkubwa wa wanawake wenye hitilafu hizo, saratani ya titi iliwapata kama 72 kati ya 100 wenye BRCA1 na 69 kati ya 100 wenye BRCA2 kufikia umri wa miaka 80. Ya ovari iliwapata 44 na 17. Kwa kulinganisha, Marekani ni wanawake kama 13 kati ya 100 wanaopata saratani ya titi katika maisha yao yote. Kisha uliza swali linalokuhusu wewe: "Na katika miaka 10 ijayo, kwa umri wangu?" Namba ya miaka 80 humtisha mtu wa miaka 28 bure.

Mambo matatu mengine yaulize kabla ya kusaini.

Bima: sheria hutofautiana. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 2008 inazikataza bima za afya na waajiri kutumia majibu ya jeni dhidi ya mtu, lakini haigusi bima ya maisha. Kama unafikiria kukata bima ya maisha, jua sheria yenu inasemaje kabla majibu hayajaandikwa.

Watoto: kwa BRCA na Lynch hawapimwi mpaka wawe watu wazima waamue wenyewe, kwa kuwa hakuna kinachofanyika utotoni. Hitilafu chache, kama za jeni za RB1 (ya retinoblastoma), APC, RET na TP53, hupimwa mapema kwa sababu ugonjwa wenyewe unaweza kuja mapema.

Na siri: wakipimwa watu kadhaa wa familia moja, kipimo kinaweza kufichua kwamba baba si mzazi wa damu. Uliza maabara hufanya nini ikiona hivyo, na mama yako ajue kabla ya kukubali.

Hatua ya 7: Kusoma majibu

Majibu yapange kusikia ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu ukiwa kwenye basi. Omba nakala ya karatasi yenyewe.

*Hitilafu imepatikana.* Hii si saratani. Ni hatari, na sasa ina ratiba. Toka na tarehe ya uchunguzi wa kwanza na jina la mtu atakayekufuatilia. Maamuzi ya kukata yanaweza kusubiri miezi. Siku ya majibu si siku ya kusaini operesheni.

*Hitilafu ya ukoo haikupatikana kwako.* Ikiwa ya ndugu inajulikana na wewe huna, umerudi kwenye hatari ya watu wengine. Wengi hushangaa kusikia uchungu mahali pa furaha, hasa dada yako akiwa nayo na wewe huna.

*Hakuna kilichopatikana, na hakuna aliyepimwa kabla yako.* Hapa wengi hujidanganya. Ukoo wako bado ni ule ule. Uliza: "Kwa historia hii, nichunguzwe kama nani?" Mara nyingine uchunguzi wa mapema huendelea hata bila jina la jeni.

*Badiliko lisilojulikana maana.* Maabara imeona tofauti kwenye jeni, lakini haina ushahidi kama inadhuru au ni tofauti isiyo na madhara. Sisi wenye asili ya Afrika, na watu wa Asia pia, hupewa jibu hili mara nyingi zaidi, kwa sababu hazina za vinasaba zinazotumika kulinganisha zimejazwa zaidi na watu wa asili ya Ulaya. Badiliko la kawaida kabisa kwenye ukoo wako linaweza kuwa geni machoni pa maabara. Baadaye, ushahidi ukipatikana, mengi ya mabadiliko haya huhamishiwa kundi la yasiyodhuru.

Kwa hiyo jibu hili lisikutoe ovari, lisikukate titi, wala lisitumike kuwapima ndugu wazima ili kuwagawa wenye nayo na wasio nayo. Fuata uchunguzi unaolingana na historia ya ukoo, kana kwamba hukupima. Daktari akikupendekezea operesheni kwa sababu ya badiliko la namna hii peke yake, tafuta maoni ya pili siku hiyohiyo. Kisha muulize nani atakutafuta maana yake ikibadilika. Wengine huahidi, wengine hawana utaratibu huo. Weka tarehe yako ya kupiga simu, kila mwaka au miwili, na usibadilishe namba bila kuwaarifu.

Hatua ya 8: Kuwaambia wengine

Ukikutwa na hitilafu, ndugu zako kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu, na mmoja wa wazazi wako karibu kwa hakika anayo. Daktari kwa kawaida hatawapigia wao. Siri ni yako. Mzigo huo ni wako basi, na ni mzito kuliko sindano.

Anza na walio karibu kwa damu na walio katika umri wa kuchunguzwa. Usiwape hukumu, wape taarifa: "Nimepimwa, nimekutwa na hitilafu ya jeni inayoitwa MSH2. Inaongeza hatari ya saratani ya utumbo na ya mfuko wa uzazi. Huenda na wewe unayo, huenda huna. Kuna kipimo, na kuna uchunguzi unaosaidia. Ukitaka kupima, nakutumia karatasi." Atakayesema hataki kujua, mwache. Anaweza kurudi baada ya mwaka, mimba ikiingia au msiba ukitokea.

Hiyo karatasi itume kweli, picha inayosomeka ya ukurasa wenye jina la jeni na ile mistari ya herufi na namba inayofuata, kwa mfano inayoanza na "c." Kwa macho ya kawaida inaonekana uchafu wa kompyuta. Kwa maabara ndiyo anwani ya mahali pa kutazama. Ndugu akifika na maneno ya mdomo tu, "dada ana jeni ya kansa", watalazimika kuanza kutafuta upya, na huenda wakatafuta mahali pasipo.

Yule shangazi uliyemuuliza mwanzoni kuhusu bibi, mrudishie naye jibu kabla hajalisikia kwa wengine.